Sura ya Saba: Maadui Watatu Chini ya Kabureta

Oili inayovuja kwenye injini haina uaminifu. Hutokea mahali pamoja ikadondokea pengine, na fundi anayeliamini tone lililoko sakafuni huishia kufungua kitu kisicho na kosa. Katika injini za V8 za Chevrolet, zile zilizobeba pikapu za Marekani kwa miongo mingi, kosa hili ni maarufu. Gari linaachia oili nyuma ya injini, pale inapokutana na gia boksi. Mwenye gari anaambiwa sili ya nyuma ya krankshafti imekwisha. Gia boksi inashushwa, sili mpya inatiwa, gia boksi inapandishwa, na wiki haijaisha oili iko palepale. Kumbe ilikuwa ikitoka juu, kwenye ukingo wa nyuma wa manifoldi ya hewa, ikiteremka mgongoni mwa bloki hadi kwenye nyumba ya klachi, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo na tochi.

Sura hii inahusu manifoldi hiyo, hasa ile ambayo mwenye gari ameinunua mwenyewe akaiweka badala ya iliyotoka na gari kiwandani. Nimeichagua injini ya Chevrolet kwa sababu ni injini chache sana duniani zilizotengenezewa manifoldi mbadala nyingi kama hii, na kwa sababu haimsamehe fundi mwenye haraka. Ilitoka mwaka 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265, yaani kama lita 4.3. Mwaka 1967 ikaja ile ya 350, lita 5.7, ambayo ndiyo iliyokaa chini ya boneti za pikapu nyingi mno. Kufikia mwaka 2011 Chevrolet ilikuwa imetimiza injini milioni 100 za ukoo huu, ukihesabu vizazi vyake vyote.

Biashara ya manifoldi mbadala ni kongwe kuliko injini yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1930, fundi wa California aitwaye Vic Edelbrock hakuridhika na manifoldi ya Ford V8 yake, akaamua kujitengenezea. Jina lake limechorwa mpaka leo kwenye manifoldi za alumini zinazouzwa kwa wenye pikapu. Wanaozinunua wanatafuta mambo ya kawaida tu: kupunguza uzito wa chuma cha kusubu, kufunga kabureta kubwa yenye matundu manne, au kupata njia za hewa zilizonyooka kuliko za kiwandani. Faida zipo. Ila manifoldi ya kiwandani ilichongwa pamoja na injini yake na kupimwa kwa vipimo vya injini hiyo, na hii mpya imechongwa kwa ajili ya injini isiyo na jina, iliyo sahihi kwenye karatasi. Injini yako huenda imeshapigwa plena, yaani nyuso zake kupunguzwa mashineni, mara mbili.

Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Grogan, Nairobi, aliyekulia kwenye Land Cruiser na Hiace anaweza kuidharau kazi hii, na sababu yake naielewa. Kwenye injini ya silinda zilizopangwa mstari mmoja, manifoldi ya hewa huning'inia ubavuni mwa hedi. Kazi yake kubwa ni kupitisha hewa, na ikivuja, imevuja hewa. Kwenye V8 hii manifoldi imekaa katikati, imebanwa kati ya hedi mbili kama abiria wa tatu kwenye kiti cha wawili cha daladala, na imetwishwa kazi tatu kwa pamoja. Inapitisha mchanganyiko wa hewa na petroli kwenda kwenye silinda. Inapokea maji ya moto kutoka kwenye hedi na kuyafikisha kwenye thamostati. Halafu, kwa upande wake wa chini, ni kifuniko cha bonde la katikati ya injini, ambamo lifta na pushirodi zinafanya kazi huku oili ikirushwa huku na huku.

Hewa, maji na oili havivuji kwa namna moja. Hewa huvutwa kwenda ndani. Maji husukumwa kwenda nje kwa presha. Oili haina presha hapo ilipo. Inateleza tu, inapanda, inapenya kwa subira. Anayefikiri kwamba amepewa kazi moja ya kuziba, na kwamba tyubu moja kubwa ya silikoni itaimaliza, ndiye huyo ambaye gia boksi yake itashushwa bure.

Tuanze na hewa, maana ndiyo isiyoonekana. Injini ya petroli ikiwa kwenye silensa, dereva hajakanyaga mafuta, kipepeo cha kabureta kimekaribia kufunga kabisa. Pistoni zinaendelea kuvuta, na hewa haipati pa kupita kwa wingi, kwa hiyo ndani ya manifoldi kunakuwa na mvuto mkali. Geji ya mvuto ikiunganishwa hapo kwenye injini nzima ya kawaida husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, pwani. Ukipanda juu, geji hushuka takriban inchi moja kwa kila futi 1,000, kwa hiyo injini inayosoma 20 Mombasa itasoma kama 14 au 15 Nairobi bila kuwa na ugonjwa wowote. Nimeona watu wakifungua manifoldi nzuri kwa sababu waliamini namba ya kitabu kilichoandikwa na mtu anayeishi usawa wa bahari.

Uvujaji wa nje ni rahisi kuukamata. Injini inapandisha na kushusha mizunguko kwenye silensa, inamisi, na ukipuliza gesi ya propeni kidogo kidogo kandokando ya gasketi mzunguko hubadilika pale penye tundu. (Wapo wanaomwagia petroli. Hao tuwaombee.) Uvujaji mbaya ni ule wa upande wa chini, ambapo gasketi imeachia kuelekea bondeni. Hapo manifoldi haivuti hewa ya nje. Inavuta mvuke wa oili. Gari linatoa moshi wa buluu, plagi zinatoka zimelowa weusi, na mwenye gari anaambiwa ringi za pistoni zimekufa, na injini iliyo na ringi nzima inaporomoshwa yote.

Kipimo chake ni cha bei ya glovu moja ya mpira. Chomoa mpira wa valvu ya PCV, ile ya kupumulia injini, na uzibe pande zote mbili, ziba pumzi nyingine yoyote iliyoko kwenye kava za tapeti, kisha uvishe glovu kwenye mdomo wa kutilia oili na uwashe injini. Katika injini iliyo sawa, glovu itainuka taratibu, kwa kuwa daima kuna moshi kidogo unaopenya kwenye ringi kwenda chini. Glovu ikinyonywa kwenda ndani, vidole vikageuzwa tumbo nje, basi kitu kinavuta kutoka bondeni, na chenye mvuto wa kufanya hivyo ni manifoldi.

Niseme pia kwa nini jambo hili huwapita mafundi wengi wa kwetu. Malori yetu mengi ni ya dizeli, na dizeli ya kawaida haina kipepeo cha kuzuia hewa, kwa hiyo haina mvuto wa maana kwenye manifoldi. Ikiwa na tabo, mambo yanageuka kabisa: hewa inasukumwa nje, unasikia mluzi, nguvu zinapungua na moshi mweusi unatoka. Aliyezoea uvujaji wa namna hiyo hufika kwenye V8 ya petroli akiwa anasikiliza mluzi ambao hautakuja.

Adui wa pili ni maji. Kila hedi ya Chevrolet hii ina njia ya maji kila mwisho, kwa sababu hedi ya kulia na ya kushoto ni kitu kimoja kilichosubiwa kwenye kalibu moja. Ukiigeuza, mbele inakuwa nyuma. Njia mbili za mbele zinakutana ndani ya manifoldi chini ya thamostati. Za nyuma, katika manifoldi nyingi, haziendi popote. Zimezibwa na ukuta mtupu wa manifoldi. Lakini maji yapo hapo, yamejaa, yana joto na presha sawa na kwingine, na mfuniko wa rejeta unaruhusu presha ya karibu bar moja kabla ya kuachia. Kona hizo mbili za nyuma, zilizofichwa chini ya distribyuta karibu na ukuta wa kebini, ndizo husahaulika wakati wa kusafisha, na ndiko gasketi huanza kuachia. Maji yakitoka nje, utaona mstari mkavu wenye rangi. Yakitoka ndani, yanaingia kwenye oili, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Beringi za injini hazikuundwa zielee kwenye chai.

Kizazi cha mwaka 1996, kile kinachoitwa Vortec, kilileta kisa chake. General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, ilibadilisha hedi: boliti za manifoldi zikawa nane badala ya kumi na mbili, na zikasimama wima zaidi kuliko za zamani. Gasketi ya kiwandani ilikuwa na uti wa plastiki wenye mistari ya mpira wa silikoni kuzunguka matundu. Plastiki hiyo, baada ya miaka ya joto na maji ya kupozea, iligeuka kuwa kavu na kuvunjika, na magari mengi yakaanza kupoteza maji bila kuonyesha yanakokwenda. Watengenezaji wa gasketi wa nje walijibu kwa gasketi zenye uti wa chuma, na kwangu hilo halina mjadala: ukifungua Vortec kwa sababu yoyote ile, usirudishe plastiki.

Hapo pia ndipo boliti hukazwa vibaya. Kwenye hedi za zamani, boliti za manifoldi hukazwa kati ya pauni-futi 25 na 30, yaani kama Nm 34 hadi 41. Za Vortec zinataka pauni-futi 11 tu, kama Nm 15. Ni kiasi kidogo hata mkono uliozoea hauwezi kukiamini. Fundi anakaza mpaka anasikia renchi ya toki ikilia, anatikisa kichwa, anaongeza robo mzunguko wa imani yake mwenyewe, na mistari ya silikoni kwenye gasketi inapasuka au kukimbia nje ya mahali pake. Mtengenezaji wa manifoldi akiwa ameandika namba kwenye karatasi iliyokuja ndani ya boksi, fuata namba yake hata kama inapingana na hii yangu.

Ukinunua manifoldi iliyotumika, geuza uiangalie kwenye matundu ya maji kabla hujatoa pesa. Alumini iliyokaa na maji machafu huliwa, na kuliwa kwake huanzia kwenye ukingo wa tundu kwenda nje, pale hasa gasketi inapopaswa kushika. Vishimo vidogo vya juu juu vinaweza kusawazishwa mashineni. Vikishavuka nusu ya upana wa uso wa kuzibia, huyo muuzaji anakuuzia pambo la ukutani.

Sasa tuje kwenye oili, na hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo kazi nyingi hufia.

Mbele na nyuma, manifoldi haigusi hedi; inakaa juu ya kingo mbili nyembamba za bloki. Kati ya ukingo na tumbo la manifoldi kuna mwanya wa makusudi. Seti nyingi za gasketi zinakuja na vipande viwili vya mpira au koki vya kuujaza mwanya huo. Vinapendeza machoni. Kwenye manifoldi mbadala, vitupe. Mpira una unene mmoja tu, na mwanya wako hauna. Ukiwa mnene kuliko mwanya, mpira utaiinua manifoldi na kuizuia isikae vizuri kwenye hedi, hapo umefungulia hewa na maji mlango ukijaribu kuizuia oili. Ukiwa mwembamba, utateleza na kuchomoka nje siku ya kukaza, au miezi baadaye. Edelbrock wenyewe, kwenye maelezo ya kufungia, wanasema vipande hivyo visitumike; wanataka mstari wa silikoni wenye kimo cha robo inchi, kama milimita 6, uliovuka kidogo juu ya ncha za gasketi kwenye kila kona.

Hizo kona nne ndizo zinazoamua. Hapo vinakutana vitu vitatu: bloki, hedi, na ncha ya gasketi, na kila kimoja kina kimo chake. Weka tone nono la silikoni kwenye kila kona kabla ya kulaza gasketi, kisha jingine juu ya ncha yake, halafu ndipo uvute mstari wa ukingoni kutoka tone hadi tone bila kunyanyua mkono. Mstari uliokatika katikati ukaunganishwa baadaye una mshono, na oili inaujua mshono.

Silikoni hii hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa. Ndiyo maana Dar es Salaam, Mombasa au Maskati utando wa juu huja haraka kuliko maelezo ya kwenye tyubu yanavyosema, na nyanda za juu wakati wa kiangazi huchelewa. Unataka kushusha manifoldi wakati utando ndiyo kwanza unaanza: ukigusa kwa kidole hainati sana, lakini chini bado ni laini. Ukichelewa, unabana mpira uliokwisha kukauka, haushiki upande wa juu. Soma pia tarehe ya mwisho kwenye tyubu. Silikoni iliyopitwa, hasa ile iliyokaa dirishani mwa duka kwenye jua, inaweza isikauke kabisa, na utaligundua hilo injini ikiwa imeshafungwa. Ile yenye harufu ya siki iache kama gari lina sensa ya oksijeni. Chagua iliyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa.

Wala usiimwage kwa wingi ili ulale vizuri. Silikoni inayobinuka kwenda ndani haibaki hapo. Inakatika, inaanguka bondeni, inateremka na oili mpaka kwenye sampu, na mwisho wake ni kwenye chujio la pampu ya oili. Injini zimekufa kwa kukosa oili huku hazivuji hata tone.

Nimesema mwanya wako hauna unene mmoja. Chanzo chake ni plena. Manifoldi ni kabari inayoshuka katikati ya kuta mbili zilizoinama. Hedi ikipunguzwa uso wake wa chini, inashuka kwenye bloki na wakati huohuo inasogea kuelekea katikati. Kuta zinakaribiana, kabari haiwezi tena kushuka ilipokuwa ikishuka. Inakaa juu. Matundu yake hayalingani tena na matundu ya hedi, na boliti zinaingia upandeupande. Kwenye injini hii hesabu inajulikana: kwa kila milimita iliyotolewa chini ya hedi, uso wa hedi unaokutana na manifoldi unatakiwa upunguzwe kama milimita 1.23, na tumbo la manifoldi juu ya kingo za bloki kama milimita 1.7, ili kila kitu kirudi kwenye mstari. Bloki ikipunguzwa juu, habari ni hiyohiyo.

Mwenye injini iliyonunuliwa mitumba hajui hedi yake imepita mikononi mwa nani. Kwa hiyo jaribu kavu kwanza, bila gundi. Laza gasketi, shusha manifoldi, angalia matundu ya boliti. Tundu likionekana nusu mwezi, simama. Kisha ingiza fila geji kati ya manifoldi na gasketi kwenye kona ya juu, halafu kona ya chini, kila upande. Ikiwa ubapa wake unaingia juu na chini hauingii, au kinyume chake, pembe si sawa, na hakuna gundi ya dukani itakayoirekebisha. Ukingoni, bana vidonge vya udongo laini wa kuchezea watoto, shusha manifoldi, inyanyue, upime unene uliobaki. Mwanya wa milimita tatu au nne unazibika vizuri. Ukiwa karibu na sifuri, chuma kimeshagusana, na manifoldi imebebwa na bloki badala ya hedi. Dawa iko kwenye mashine ya plena, au kwenye gasketi yenye unene tofauti, kwa kuwa zinauzwa kwa unene mbalimbali kwa sababu hiyohiyo.

Kusafisha hakuna siri, ila kuna mtego mmoja. Jaza vitambaa kwenye kila tundu na kwenye bonde lote kabla ya kukwangua. Tumia kikwangio cha plastiki kwenye alumini. Usichukue vile visahani vya nyuzi zenye msasa vinavyozungushwa na drili, hata kama vinang'arisha kama kioo. Vumbi lake lina oksidi ya alumini, kitu kilekile kinachotengeneza msasa, na likiingia kwenye oili linakula beringi. General Motors ilizitahadharisha karakana zake kuhusu visahani hivyo baada ya injini kuharibika. Maliza kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa kisichoacha nyuzi, na rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ukingo wa nyuma wa bloki una tabia ya kutoa jasho la oili tena dakika chache baada ya kufutwa, maana bondeni bado kumelowa. Ufute mara ya mwisho wakati tyubu ya silikoni iko tayari mkononi.

Manifoldi ya alumini unaweza kuibeba peke yako, na ndiyo hatari yake: unaishusha, unaona haijakaa sawa, unaisogeza kidogo. Msogeo huo umefuta mstari wa gundi. Kata vichwa vya boliti mbili au nne ndefu, zikaze kwa vidole kwenye kona, ziwe nguzo za kuiongoza ishuke wima mara moja tu. Distribyuta iwe imetolewa, na uwe umeweka alama inakoelekea rota, silinda ya kwanza ikiwa juu kwenye mgandamizo.

Boliti zenyewe zikaguliwe. Kwenye injini hii baadhi ya matundu ya boliti yamepenya hadi ndani, ambako kuna oili, na oili hupanda kwenye nyuzi ikatokea chini ya kichwa cha boliti. Ukiona kiduara cha unyevu kuzunguka boliti moja ilhali gasketi ni kavu, ndiyo hiyo. Paka dawa ya kuziba nyuzi kwenye zote na usihangaike kukumbuka ni zipi. Kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa kuvukavuka, kwa mizunguko mitatu: kwanza kugusa tu, kisha nusu ya namba, kisha namba yenyewe. Ukimaliza, pita tena kwa mpangilio uleule. Boliti ya kwanza karibu kila mara utaikuta imelegea, kwa kuwa zilizofuata zimeivuta manifoldi chini zaidi.

Watu huuliza kwa nini gasketi iliyofungwa vizuri huachia baada ya mwaka. Jibu moja ni kwamba alumini na chuma havipanuki sawa. Chukua manifoldi yenye urefu wa nusu mita ikipanda nyuzi 70 za Selsiasi kutoka asubuhi ya baridi hadi joto la kazi. Alumini itarefuka kama milimita 0.8. Hedi ya chuma cha kusubu, kwa joto hilohilo, haifiki 0.4. Tofauti ya karibu milimita 0.4 lazima imezwe na gasketi, kila gari linapowashwa na kila linapopoa. Kwa hiyo gasketi inasuguliwa maisha yake yote. Uso wenye mikwaruzo unaikwangua. Gasketi iliyogandishwa kwa gundi ngumu pande zote inachanika. Ndiyo sababu nasisitiza silikoni iwe utando mwembamba tu kuzunguka matundu ya maji, pale gasketi yako inaporuhusu, na isiwekwe kabisa kwenye matundu ya hewa, ambako petroli itailainisha na mvuto utaimeza.

Baada ya hapo, liache gari mpaka kesho yake. Saa 24 ndizo tyubu nyingi zinazotaka, na hakuna sababu ya kuzipunguza. Tia maji, washa, acha ipate joto mpaka thamostati ifunguke, kisha zima na uangalie kona nne kwa tochi na kioo, ukianza na mbili za nyuma. Badilisha oili mapema, baada ya safari chache za kwanza, hata kama ni mpya: maji yoyote yaliyomwagika bondeni wakati wa kufungua yako humo.

Na ukikuta unyevu, usikubali mtu akupakie silikoni kwa nje juu ya kingo. Haishiki kwenye chuma chenye oili, na oili ikiwa inatoka kwa ndani inaisukuma tu ibanduke. Fungua manifoldi, safisha upya, nunua gasketi nyingine, upime kona kwa fila geji kabla ya kugusa tyubu.